Juma la Mke wa Koplo

Watu wakaao nje ya kambi hudhani kwamba mke wa askari aliyekwenda ng'ambo hukaa akihesabu miezi. Sivyo. Miezi ni mingi mno, na askari mwenyewe hajui kwa hakika ni siku gani ndege itamrudisha. Kinachohesabika ni juma, kwa kuwa juma lina mwanzo na mwisho wa kushikika: lina siku ya soko, siku ya chama, siku ya ibada, na Mungu akijalia lina simu moja ya mume. Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza Somalia mwezi wa Machi 2007. Tangu hapo jeshi hilo la Umoja wa Afrika limebadilishwa jina mara mbili, AMISOM ikawa ATMIS mwezi wa Aprili 2022, na ATMIS ikawa AUSSOM mwezi wa Januari 2025. Lakini kwa akina mama wa kambini jina ni lile lile moja, misheni. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa kwanza wamekwisha kufikia umri wa kujiandikisha jeshini wao wenyewe.

Mmoja wa akina mama hao anakaa Jinja, mji wa chanzo cha Naili, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Ana umri wa miaka 23. Amezaliwa Teso, si mbali na Soroti, na mumewe, ambaye ni koplo, ni Mlugbara wa Arua. Wana mtoto mmoja wa kike wa miaka miwili na miezi michache. Koplo yuko Shabelle ya Chini, na huu ni mwezi wake wa saba.

Mke hajui Kilugbara, mume hajui Kiteso, na nje ya lango majirani husema Kisoga na Kiganda. Nyumba yao kwa hiyo ni nyumba ya Kiswahili, na mtoto hana lugha nyingine. Serikali ilipokubali mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, kambini watu walicheka kidogo, maana wao walikuwa wameanza zamani bila kuandikiwa waraka. Wapo wazee wa mjini ambao hata leo lugha hii huwakumbusha vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970, wala hakuna haja ya kubishana nao, kwa kuwa waliyoyaona waliyaona. Lakini mtoto wa miaka miwili anayeomba uji kwa Kiswahili hatishi mtu. Katika simu moja ya mwezi uliotangulia, koplo alisimulia kwamba alikutana na mzee wa Barawa aliyesema Chimwiini, lugha ya watu wa mji ule, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Walikaa chini ya ukuta wakabadilishana maneno kama watoto wanaobadilishana vishungi, kila mmoja akifurahi alipotambua neno la mwenzake. Mke alilipenda sana simulizi hilo, akalirudia kwa majirani watatu.

Juma lenyewe lilianza kwa maji, kama yanavyoanza majuma yote. Bomba la mistari ile hutoa maji asubuhi mapema, na mwenye kuchelewa hukuta jerikani za wenzake zimekwisha kupanga foleni kama askari wa gwaride. Mke wa koplo ana jerikani tano za lita 20. Mbili ni za kupikia na kunywa baada ya kuchemsha, moja ni ya kuoga, na mbili za kufulia. Na juma hilo hazikutosha kwa kuwa alikuwa na mgeni. Mama mkwe wake alikuwa amewasili Jumamosi kutoka Arua, amechoka kwa safari ya basi ya mchana kutwa, amebeba unga wa muhogo, simsim na karanga. Aliwasili pia na neno, na neno hilo alilitoa usiku ule ule wa kwanza, kabla hata ya kula: ndugu mdogo wa koplo amepata mchumba, wakwe wanadai ng'ombe, na watu wa nyumbani wameonelea kwamba mwenye kulipwa fedha za misheni atoe watano.

Wasomaji wengi wa kambini wameketi mbele ya neno kama hilo. Si neno baya. Kijana hawezi kuoa peke yake. Huozwa na ukoo wake, na koplo mwenyewe aliolewa ng'ombe wa wajomba wake alipomchukua binti wa Teso, jambo ambalo mama mkwe hakusahau kulitaja. Tatizo ni kwamba fedha za misheni huonekana kubwa zaidi kadiri mtu anavyozitazama kutoka mbali. Kutoka Arua zinaonekana kama ziwa. Aliye karibu nazo anajua kwamba ni mtungi, na mtungi huo umekwisha kugawiwa.

Kabla ya kuondoka, koplo na mkewe waliketi usiku mmoja wakapatana kwa utulivu. Kiwanja kwanza. Nyumba ya kambi ni ya serikali; siku askari anapostaafu, au siku jina lake linapofutwa kwa sababu nyingine ambayo hakuna aliyetaka kuitamka, familia hutakiwa kuiacha. Wasipokuwa na mahali pao, mke na mtoto wataanza kutembea na magodoro kichwani. Basi mke akapewa kazi ya kutafuta ardhi na kuweka akiba, na katika miezi saba alikuwa ameweka benki shilingi milioni mbili na laki tatu. Kwa mtu anayenunua dagaa kwa kikombe, hizo ni fedha nyingi.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla nguo hazijakauka, mtu akampigia simu. Kuna kiwanja upande wa barabara ya Kamuli, futi 50 kwa 100, chenye mwembe mkubwa na kisima cha pampu karibu. Mwenyewe anauza milioni kumi na mbili, zilizobaki zilipwe kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwaka, lakini anataka milioni mbili kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu yupo mnunuzi mwingine.

Daima yupo mnunuzi mwingine. Mke wa koplo alilijua hilo, na hata hivyo alipokwenda kukiona kiwanja Jumanne asubuhi moyo wake ulimsaliti. Kilikuwa kimeinuka kidogo, mvua isingetuama. Alisimama chini ya mwembe akapanga nyumba: mlango hapa, jiko kule nyuma, mtoto alale upande wa mawio. Kisha akajikaza akafanya kama mumewe alivyomwelekeza. Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, akauliza ardhi ni ya nani. Alizungumza na majirani wa mipaka, wote watatu, mbali mbali, asiwasikilize mbele ya muuzaji. Majibu yalilingana: ardhi ni yake, aliirithi kwa baba, hakuna ndugu anayedai. Jambo moja tu lilipungua. Muuzaji ana mke, na mke huyo aliondoka kwa ugomvi, yuko Mbale.

Hapo ndipo wengi huteleza. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, hairuhusu mtu kuuza ardhi ambayo jamaa yake inakaa au inapata chakula humo bila idhini ya mwenzake wa ndoa. Karatasi iliyotiwa sahihi na mume peke yake, hata ikiwa na mashahidi kumi na muhuri wa kijiji, mke anaweza kuja akaipinga. Muuzaji alikuwa mpole. Alisema mkewe atasaini baadaye, ni jambo la siku chache, kwanza milioni mbili. Mke wa koplo akasema kwanza sahihi. Wakaachana hivyo, kila mmoja akiwa na adabu yake, na muuzaji akamkumbusha tena habari ya Ijumaa.

Njiani kurudi alitamani jambo moja tu, nalo ni kumuuliza mumewe. Lakini simu ya mwisho ilikuwa ya siku kumi na mbili zilizopita.

Jioni hiyo uvumi ukaingia kambini. Uvumi wa kambini hauna miguu, lakini hufika kila mlango kabla ya sufuria kuchemka. Ilisemekana kwamba kambi moja huko imeshambuliwa. Kambi ipi, hakuna ajuaye. Nani kasema, ni shemeji wa mtu aliyeona kwenye simu. Mwanamke asiyekuwa na mtu Somalia aweza kuusikiliza uvumi kama huo akiendelea kumenya ndizi. Wenye waume huko hukumbuka tarehe 26 Mei 2023, siku kambi ya Bulo Marer iliposhambuliwa na Al-Shabaab, na Rais akatangaza baadaye kwamba askari 54 wa Uganda walipoteza maisha. Wanakumbuka zilivyolia simu katika mistari, nyumba kwa nyumba, na nyumba ambazo simu hazikulia.

Mke wa sajenti, ambaye akina mama wote humwita Mama Sajenti ingawa wengine wamemzidi umri, ameweka kanuni moja katika mstari wake, na yafaa isifiwe. Habari ya msiba haitoki kwenye simu ya mtu. Inatoka kwa kamanda, inakuja na padri au shehe, na mpaka hapo mtu hana ruhusa kulia wala kumliza mwenzake. Usiku ule alipita mlango kwa mlango akiwa na kanga begani. "Dada, umepika?" ndilo swali aliloliuliza kila mahali. Aliyekuwa hajapika aliambiwa apike. Kwa mke wa koplo alikaa kidogo zaidi, akamsalimu mgeni wake, akaonja unga wa muhogo wa Arua akausifu. Uvumi ule haukuwa na kitu, kama ilivyojulikana baadaye, lakini usiku mmoja wa uvumi humzeesha mtu vile vile kama usiku wa kweli.

Na mtoto akachagua usiku huo huo kuugua.

Saa saba usiku mwili wake ulikuwa unawaka. Alikuwa amelala na bibi yake kwenye mkeka, kwa kuwa tangu Jumamosi alikuwa haachani naye. Mama yake alimpangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akamnywesha maji, joto likashuka kidogo kisha likapanda tena, na mtoto akaanza kutetemeka. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata watu wawili wasisikizane. Bibi alitaka kuchemsha majani machungu aliyokuja nayo kwenye mzigo. Mama alitaka zahanati. Katika nyumba nyingi ugomvi wa wakwe huzaliwa saa kama hiyo, mmoja akiona amedharauliwa na mwingine akiona anacheleweshwa, lakini bibi alipoona mikono ya mkaza mwanawe inavyotetemeka hata kushindwa kufunga fundo, alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akafunika turubai juu, akasema, "Twende, mwanangu. Shika tochi." Wakatoka.

Zamu ilikuwa ya muuguzi kijana, raia aliyeajiriwa karibuni, msema Kiganda na Kiingereza ambaye Kiswahili bado kinamshinda. Alimchoma mtoto kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo, wakangoja robo saa. Mistari miwili. Malaria. Akatoa dawa ya mseto, vidonge sita kwa mtoto wa uzito ule: kimoja papo hapo, kimoja baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na kila kimoja kifuatwe na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauifyonzi dawa vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa apewe kingine. Mtoto alitapika kabla ya dakika kumi, akapewa kingine, na hicho kikakaa. Ilikuwa saa tisa usiku.

Watoto wachanga wa kambini wana bahati kidogo zaidi, maana tangu Aprili 2025 Uganda imeanza kuwachanja dhidi ya malaria, dozi nne, wakiwa na miezi sita, saba, minane, na ya mwisho miezi kumi na minane. Huyu umri wake wa kuanza ulikuwa umempita.

Sasa yule bibi alikuwa ameketi kwenye benchi, kimya, maji yanamchuruzika. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni Arua, polepole, "Ni mimi. Alilala kwangu mkekani, nje ya chandarua. Mimi ndiye nimemletea ugonjwa." Akamwangalia muuguzi kama mtu angojaye hukumu. Muuguzi akauliza mama huyu anasema nini, akaelezwa, akatikisa kichwa akajibu kwa Kiganda. Alisema haiwezekani. Mbu akimwuma mtu leo, ugonjwa hauonekani kesho. Huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi kumi hata kumi na tano, kwa kuwa vijidudu huingia kwanza kwenye ini na kuzaliana humo kabla ya kutoka na kushambulia damu. Mgeni aliyefika Jumamosi hawezi kulaumiwa kwa homa ya Jumanne. Mtoto huyu aliumwa na mbu kabla, akiwa kitandani kwa mama yake, na chandarua chenyewe kitazamwe kama hakina tundu.

Bibi hakuelewa hata neno moja. Aliyeelewa alikuwa mke wa koplo peke yake, na tafsiri ilikuwa mikononi mwake.

Ni jambo dogo, na kwa kadiri linavyohusu sheria wala dini si jambo la kuandikiwa kitabu. Lakini mtu anayetaka kujua uzito wake na afikirie. Mbele yake palikuwa na mwanamke aliyekuja kudai ng'ombe watano, ambaye kwa usiku mmoja amejiona mkosaji. Kama angenyamaza, au angesema tu "amesema tumpe dawa," madai yangekufa papo hapo. Mama mkwe angerudi Arua ameinamisha kichwa, asithubutu kutaja ng'ombe kwa miaka miwili. Kiwanja kingepona. Tena asingekuwa amesema uwongo wowote. Na chandarua kilikuwa na tundu kweli, upande wa miguuni, tundu la kupita vidole vitatu ambalo kwa majuma mawili alikuwa akisema atalishona.

Alimtafsiria yote. Habari ya ini, habari ya siku kumi, na habari ya tundu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Siku kumi?" Akajibiwa, "Saba au zaidi, mama." Akahesabu kwa vidole, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, akaishia kidole cha nne. Hakusema kitu kingine usiku ule. Walirudi mvua ikiwa imepungua, mtoto mgongoni mwa bibi, na asubuhi yale majani machungu yalionekana yamefungwa kwenye karatasi na kurudishwa chini kabisa ya mzigo.

Jumatano ilipita katika kuangalia saa. Alhamisi mtoto alikula posho kidogo na mchuzi wa karanga. (Neno hili posho kwa Waswahili wa pwani ni chakula anachogawiwa askari au kibarua, Waganda wameligeuza likawa ugali wenyewe, na kambini maana zote mbili hukutana sahani moja.) Jioni palikuwa na chama cha akiba. Kila mwanachama huweka shilingi elfu kumi kwa juma, mwenye kuchelewa hutozwa elfu moja, na daftari huandikwa na mke mmoja wa konstebo wa polisi aliyefika kidato cha sita na hana masihara. Habari ya kiwanja ilijadiliwa kama kwamba ni cha wote. Mmoja alisema alipe, ardhi ya Jinja haisubiri, kila mwaka inapanda. Akataja kiwanja alichokiacha yeye mwenyewe ambacho leo kina nyumba ya mtu. Mwingine alisema asilipe, akataja fedha zilizozama. Wote wawili walisema kweli. Mama Sajenti hakutoa shauri, aliuliza tu kama mume amepiga simu, na alipojibiwa bado, akasema, "Basi amua wewe, mwanangu. Ndiyo maana alikuachia wewe."

Ijumaa mke wa koplo alikwenda mpaka mlango wa benki. Alisimama barabarani, chini ya zile nyumba za zamani za Wahindi zenye baraza, kadi mkononi. Saa ilikuwa tano na nusu. Alimpigia muuzaji akauliza sahihi ya mkewe imepatikana. Muuzaji akasema atasaini, wala asiwe na shaka. Akafunga simu, akanunua maziwa nusu lita, akarudi kambini kwa miguu. Saa sita ikapita. Kidonge cha mwisho mtoto alimeza jioni hiyo, akicheza.

Jumamosi asubuhi habari ikamfikia kupitia kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye alipiga simu kwa wema. Kiwanja kimeuzwa. Mnunuzi mwingine alikuwapo kweli, mfanya biashara wa Iganga. Alikuja na mwanasheria, akalipa zote kwa mkupuo, na yule mke wa Mbale alipoona fedha kamili mezani alirudi Ijumaa hiyo hiyo akatia sahihi. Kila kitu halali.

Kwa hiyo tahadhari haikumwokoa na chochote. Hakukuwa na tapeli wa kuepukwa. Kulikuwa na mwembe, kisima, na ardhi iliyoinuka, na sasa ni vya mtu mwingine. Wapo watakaosema kwamba Mungu ana sababu. Labda anayo. Mke wa koplo alifua nguo Jumamosi hiyo kwa nguvu hata jirani akamwuliza kama ugomvi wake ni na shati.

Simu ililia jioni. Saa ya Mogadishu na saa ya Jinja ni moja, lakini jua la huko hutua mapema kwa robo tatu ya saa na zaidi, hata mume akisema giza limeingia, mke bado anaona mwanga juu ya ziwa. Koplo alikuwa mzima. Walipelekwa mahali pasipo na mtandao, ndio maana.

Katika mistari pana hoja ya siku nyingi juu ya kipi aambiwe mume aliye misheni. Baadhi ya akina mama hawasemi lolote ila heri, mtoto anakua, sisi wazima, kwa kuwa mtu aliyeshika bunduki hapaswi kuwa na mawazo nyumbani. Wengine humwaga yote, mpaka bei ya makaa. Wa kwanza wana busara, lakini waume wao hurudi wakakuta nyumba wasiyoijua, na wa pili huwanyima waume zao usingizi wanaouhitaji. Mke wa koplo alichagua mpango wake: ugonjwa aliusimulia ukiwa umekwisha kupona, mtoto kwanza akisikika akicheka, kisha maneno. Kiwanja alikisimulia kama kilivyokuwa, bila kujitetea. Upande wa pili pakawa kimya, akadhani simu imekatika. Kisha koplo akasema, "Ningekuwa mimi ningelipa." Akanyamaza tena. "Na pengine ningekosea. Tafuta kingine." Sauti yake haikuwa na furaha, lakini haikuwa na hasira pia, na kwa simu ya dakika chache mtu hachagui sana.

Habari ya ng'ombe hakuitaja. Aliona kwamba si yake kuisema wakati mwenyewe ameketi pale, hatua mbili, akipepeta simsim. Alimpa simu. Mama na mwanawe wakazungumza Kilugbara kwa dakika nne. Mke hakuelewa, lakini si kwamba haelewi kabisa. Mtu akikaa na mume miaka mitatu huokota maneno. Alisikia jina la mtoto, mara mbili. Alisikia neno dawa, lililobaki kama lilivyo. Neno la ng'ombe kwa Kilugbara analijua vizuri sana, na alilisubiri huku amegeuka akikunja nguo. Halikuja.

Jumapili baada ya ibada alimsindikiza mgeni mpaka kituo cha magari, achukue taksi ya Kampala, kilomita 80, na huko apande basi la usiku la Arua. Alimfungia mkate, sukari kilo mbili na sabuni, na fedha ya nauli pamoja na kidogo ya juu. Mama mkwe alipokea kwa mikono miwili. Gari lilipokuwa likingoja kujaa, alisema bila kumtazama mtu, "Yule mdogo wake atangoja. Mchumba hatakimbia kwa mwaka mmoja." Akafikiri. "Na akikimbia, basi alikuwa na haraka ya kitu kingine." Kondakta akacheka. Wenyewe hawakucheka, ila mtoto aliyeanza kulia alipoona bibi anapanda bila yeye, na ilibidi abebwe.

Nyumbani alitandika kitanda kabla ya giza. Alipokishusha chandarua aliliona lile tundu la miguuni limeshonwa kwa uzi mweusi mnene, uzi wa kushonea magunia ya unga, mishono mikubwa ya mtu asiyeona vizuri karibu. Akakichomeka chini ya godoro pande zote nne, akamlaza mtoto.